Kuwinda kulungu kwa bastola: kaliba ipi, na ujiandae vipi ukiwa bado Dar

Maswali ni yale yale kila mwaka, vijana wanapofungasha kwenda vyuoni Marekani au mtu anapoalikwa na shemeji yake wa Texas aje msimu wa kulungu. Bastola ya 9 mm inatosha? Kwa nini nisichukue tu ile kubwa kuliko zote? Mita mia nitampata? Kwa ufupi: haitoshi, utajuta, na hapana. Kwa urefu ni haya yafuatayo.

Kwanza tuelewane kuhusu mahali. Mwongozo huu ni wa Marekani, ambako majimbo mengi yanaruhusu kuwinda kulungu mwenye mkia mweupe kwa bastola. Hapa Tanzania kibali cha polisi cha kumiliki bastola si leseni ya kuwinda. Uwindaji una sheria yake, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na leseni yake hutoka kwa mamlaka za wanyamapori. Usichukue haya ukaenda kuyajaribu Kisarawe.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Leseni ya kuwinda ya jimbo husika, na cheti cha mafunzo ya uwindaji pale kinapodaiwa. Texas inakidai kwa kila aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo, yaani karibu nyote mnaouliza.
- Bastola ya mwenyeji wako au ya kukodi. Usihangaike kusafiri na yako kutoka Dar: kuna vibali vya kuitoa hapa, kuna kibali cha serikali ya Marekani cha kuiingiza kwa muda, kuna masharti ya shirika la ndege, na karatasi moja ikikosekana unakwama uwanjani.
- Risasi zipatazo 200 nyepesi za mazoezi, na 60 za kuwindia, zote 60 za aina moja na kiwanda kimoja.
- Plagi za masikio pamoja na vifunika masikio vya juu, na miwani ya kukinga macho.
- Karatasi zilizokatwa duara la sentimita 20. Ndizo zitakazokuambia ukweli.
- Mfuko wa mchanga, na fimbo za miguu mitatu za kuegemezea.
- Kisu kikali, tochi, glavu za mpira, kamba ya mita 10, na utepe wa kuwekea alama.
- Fulana ya rangi ya chungwa inayowaka, kama jimbo linavyotaka.

Onyo kwa wenye viza ya masomo au ya matembezi. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji kushika silaha ya moto au risasi. Miongoni mwa misamaha iliyomo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo leseni inatangulia kila kitu, hata zoezi la kwanza kwenye uwanja wa kulengea shabaha. Wengi hupindua mpangilio: wanakwenda kulenga shabaha wikiendi ya kwanza na rafiki, leseni wanaifikiria baadaye. Hilo ni kosa la jinai, hata kama bastola si yako na umeishika dakika tano.

Hatua kwa hatua

1. Soma kitabu cha sheria cha jimbo, cha mwaka huu.

Kila jimbo lina lake, na mwaka ukibadilika nazo zinaweza kubadilika. Texas inakataza risasi za kugongwa ukingoni (ambazo nyundo hugonga ukingo wa ganda, siyo katikati), kama .22 ndogo, kwa kulungu. Ohio inataka mtutu usiopungua inchi 5, na risasi yenye ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni, la kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) .357 au zaidi. Virginia inataka kaliba .23 au zaidi na nguvu ya futi-pauni 350 mdomoni mwa mtutu, sawa na jouli 475 hivi.

Angalia hiyo ya Virginia vizuri. Kuna risasi za 9 mm zinazovuka jouli 475 kwa unywele. Kisheria zinapita, lakini sheria inaweka sakafu tu.

2. Chagua kaliba unayoweza kuituliza.

Hapa ndipo watu wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Risasi ya bastola haiui kama ya bunduki ndefu. Ya bunduki ina kasi inayopasua nyama pembeni mwa njia yake. Ya bastola kwa kawaida huharibu kile inachokigusa, basi. Inatoboa mapafu, damu inatoka, mnyama anakimbia mita 40 hadi 100, anaanguka. Maana yake ni kwamba unahitaji vitu viwili: risasi inayofika ndani kabisa na ikiwezekana itokee upande wa pili, na mkono unaoiweka mahali pake. Kaliba kubwa inakupa cha kwanza na inaweza kukunyang'anya cha pili.

*9 mm na .45 ACP.* Acha. Zimetengenezwa kwa ulinzi wa karibu. Kichwa cha 9 mm, yaani kile kipande kinachoruka kutoka kwenye ganda, kina greini 115 hadi 124, gramu 8 hivi. Kikikutana na mfupa wa bega la dume la kilo 90 kinaweza kuishia njiani.

*.357 Magnum.* Hiki ni kima cha chini tunachokubali. Greini 158 hadi 180, jouli 700 hivi. Inafaa kwa mita 30 hadi 40, mnyama akiwa amesimama ubavu, na ukiwa mvumilivu wa kuacha nafasi mbaya zipite. Kwa mtu mwenye mikono midogo, au ambaye hajawahi kupiga bastola kubwa, .357 inayotua katikati ya duara ni bora mara kumi kuliko .44 inayotua tumboni.

*10 mm Auto.* Ndiyo ya kuchukua ukitaka bastola ya magazini, greini 180 hadi 200, jouli 800 na kitu. Kabla hujaichagua hakikisha jimbo linaruhusu bastola zinazojipakia kwa kulungu. Pennsylvania, kwa mfano, si mahali pake.

*.41 Magnum.* Nzuri sana, teke lake (msukumo unaorudi mkononi) ni pungufu kidogo ya .44. Shida ni kupata risasi zake madukani.

*.44 Magnum.* Ukituuliza jina moja tu, ni hili. Iko sokoni tangu miaka ya 1950, risasi zake hazikosekani, kichwa cha greini 240 kinatoka na jouli 1,000 hadi 1,300 kulingana na mtutu. Zaidi ya yote, rivolva yake (bastola ya silinda inayozunguka) inakubali pia risasi za .44 Special, ambazo ni laini, kwa hiyo unajifunzia silaha ile ile utakayowindia.

*.45 Colt.* Risasi za kawaida zina nguvu za kiasi, kama jouli 570. Zipo zilizojazwa kwa nguvu zaidi, lakini hizo ni za rivolva imara za kisasa tu. Ukiziweka kwenye bastola ya mtindo wa kale silinda inaweza kupasuka mkononi mwako. Boksi lina maandishi, yasome.

*.454 Casull, .460 na .500 S&W.* Zote zinamuua kulungu bila wasiwasi. Tatizo ni wewe. Risasi ya jouli 2,000 hadi zaidi ya 3,000 ina teke kali kwa viganja viwili: ya tatu unafumba macho, ya tano unavuta bastola chini kabla haijalia. Anayeanza na .500 kwa kawaida anajifunza kuogopa, na hofu hiyo haitoki kirahisi.

Zipo pia bastola za risasi moja moja, kama Thompson/Center Contender, zinazopiga risasi za bunduki kama .30-30 au .35 Remington. Hizo zinafika mbali zaidi, ila zinahitaji darubini na mahali pa kuegemeza. Zinafaa kwa msimu wa pili.

3. Chagua kichwa cha risasi, si kaliba peke yake.

Risasi za ulinzi zenye tundu puani zimekusudiwa kufunguka haraka ili zisipite mwilini. Kwa kulungu unataka kinyume. Chukua kichwa chenye ncha ya madini laini ya risasi, kilichotengenezwa kwa uwindaji, au kichwa cha madini magumu ya risasi ya kumiminwa chenye pua bapa. Hicho cha pua bapa hakifunguki, lakini kinapita moja kwa moja na kuacha matundu mawili, na matundu mawili ndiyo yanayoandika damu ardhini. Baadhi ya majimbo yanadai kichwa kinachofunguka, basi rudi hatua ya 1. Vichwa vilivyofunikwa shaba kote viache uwanjani.

4. Chagua bastola na cha kulengea.

Rivolva yenye mtutu wa inchi 6 hadi 7.5 (sentimita 15 hadi 19), nzito ya kutosha. Ruger Super Redhawk ya .44 ina uzito wa kilo 1.5 hivi, na utaushukuru uzito huo kila unapofyatua. Rivolva nyepesi ya mfukoni yenye .44 ni adhabu.

Kwa kulengea, nukta nyekundu (kioo kidogo chenye nukta ya mwanga) ndiyo rahisi kwa anayeanza: unaweka nukta, unavuta. Darubini ya bastola, ya kukuza mara 2, ni sawa pia, mradi iwe ya bastola kweli. Darubini ya bunduki ndefu inataka jicho liwe sentimita 8 au 10 nyuma yake. Ukiisogeza hapo kwenye .44 itakupasua nyusi.

5. Fanya zoezi kavu.

Unaweza kuanza haya kabla risasi moja haijalia. Hakikisha silinda ni tupu, hakikisha tena, risasi zote ziwe chumba kingine. Weka ganda la bandia katika kila tundu. Elekeza kwenye ukuta usiopenyeka kwa risasi, koki nyundo kwa kidole gumba, vuta kifyatulio taratibu. Nukta isitikisike nyundo inapoanguka. Mara 20 kwa siku zinatosha. Zaidi ya hapo mkono unachoka na unajifunza makosa.

Shika hivi: mkono wa kulia juu kabisa ya mpini, wa kushoto uzunguke vidole vya kulia. Vidole na gumba visifike kamwe kando ya silinda au mbele yake. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mwembamba, na gesi inayotoka hapo kwenye magnum inakata kidole. Waliozoea bastola za magazini ndio wanaoumia, maana wamezoea kunyoosha gumba la kushoto mbele.

6. Nenda uwanjani na karatasi ya sentimita 20.

Duara hilo ni ukubwa wa eneo la moyo na mapafu. Anza mita 15 ukiwa umeegemeza, kwa risasi nyepesi: .38 Special kwenye .357, .44 Special kwenye .44. Egemeza mikono au fremu kwenye mfuko wa mchanga, siyo mtutu. Mtutu ukigusa kitu kigumu unaruka na risasi inakwenda juu. Mfuko ukiwa chini ya ule mwanya wa silinda utaungua, lakini hilo ni hasara ya mfuko.

Risasi 5 kati ya 5 zikikaa ndani ya duara, mara tatu mfululizo, sogea hadi mita 25, kisha 35, kisha 45. Halafu rudia yote kwa risasi halisi za kuwindia. Halafu rudia ukiwa umekaa chini na kuegemea fimbo, maana porini hakuna meza.

Umbali wa mwisho ambao 5 kati ya 5 zinaingia, ukiwa umekaa, ndio mpaka wako. Hata ukiwa mita 28, ni 28. Kwa mwaka wa kwanza usivuke 45 hata kama karatasi inakusifu.

Ukiwa Dar unaweza kulizoeza jicho bure kwenye uwanja wowote wa mpira wenye vipimo kamili. Nukta ya penalti hadi goli ni mita 11, ukingo wa eneo la penalti 16.5, katikati ya uwanja hadi goli ni 52 hivi. Simama kwenye mstari wa goli umtazame mtu aliyesimama katikati: huyo yuko mbali kuliko kulungu wako wa kwanza anavyopaswa kuwa. Watu wengi wakiona hivyo wanaacha habari za mita mia.

7. Weka shabaha kwenye mita 45.

Rekebisha nukta au darubini mpaka kundi la risasi likae katikati kwa umbali huo, ukitumia risasi za kuwindia zenyewe. Nyepesi zinatua pengine. .44 ya greini 240 iliyowekwa hapo hupita juu kidogo tu kwa mita 25, na huwa imeshuka sentimita 15 au zaidi ikifika mita 90. Hiyo inatosha kumtoa mnyama kwenye mapafu na kumvunja mguu.

8. Siku yenyewe.

Kaa mahali ambapo njia ya kulungu inapita ndani ya mpaka wako, upepo ukitoka kwake kuja kwako. Ukiwa kwenye jukwaa la mtini, funga mkanda wa usalama kwanza, kisha vuta bastola kwa kamba ikiwa haina risasi, ndipo upakie. Usipande na bastola yenye risasi, iwe mkononi au kiunoni.

Baridi ya Ohio mwezi Desemba si ya Lushoto. Vidole vikifa ganzi huwezi kuhisi kifyatulio, na glavu nene ikiingia kwenye kikingio cha kifyatulio inaweza kufyatua yenyewe. Vaa glavu nyembamba, mikono mfukoni mpaka wakati ufike.

Masikio yafunikwe hata porini. Magnum moja bila kinga inatosha kukuachia mlio wa kudumu kichwani. Vile vifunika masikio vya umeme, vinavyopitisha sauti ndogo na kuzuia kubwa, vinafaa sana hapa.

Subiri asimame ubavu kamili, au akiwa ameelekea mbali nawe kwa mshazari. Fuata mguu wa mbele kwenda juu, hadi theluthi moja ya kimo cha kifua kutoka chini, nyuma kidogo ya bega. Asiyejua mapafu yanakaa wapi aende Vingunguti machinjioni aombe kutazama mbuzi anavyopasuliwa. Mpangilio wa ndani ni ule ule. Usipige akiwa amekutazama uso kwa uso, usipige kichwa wala shingo, usipige akikimbia. Nyuma yake pawe na ardhi, siyo anga.

Koki, pumua nusu, vuta. Ukishakoki kisha ukaamua kutopiga, shusha nyundo mtutu ukiwa umeelekea ardhini, gumba likiishikilia mpaka mwisho. Fanya zoezi la hili ukiwa bado nyumbani na silinda tupu.

9. Baada ya mlio.

Usikimbilie. Tazama alivyoitika: kurusha miguu ya nyuma mara nyingi ni kifua, kujikunja mgongo na kuondoka taratibu ni tumbo. Weka alama kwenye mti wa mwisho ulipomwona. Subiri nusu saa, ndipo uende pale alipokuwa amesimama.

Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, mfuate. Damu nyeusi nyeusi inaweza kuwa ini, subiri saa 3 au 4. Uchafu wa kijani wenye harufu ni tumbo: rudi, subiri saa 6 au zaidi, ukimfukuza sasa atakwenda kilomita nzima bila kuacha tone. Funga utepe kila unapoona damu, ukitazama nyuma utaona mwelekeo wake.

Mwendee kutoka nyuma, bastola tayari. Gusa jicho kwa kijiti kirefu, likipepesa, piga tena kifuani. Suala la halali na kuchinja muulize shehe wako kabla ya safari, siyo ukiwa umesimama juu ya mnyama. Kisha jaza tiketi ya mnyama kama jimbo linavyotaka kabla ya kumsogeza, mpasue, toa matumbo, na uache kifua wazi kipoe.

Mambo yakikwama

*Risasi zote zinatua chini kushoto (kwa mtu wa mkono wa kulia).* Unashtuka kabla ya mlio. Mwombe mwenzako apakie silinda akichanganya risasi halisi na maganda matupu bila wewe kujua. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mtutu ukainama, umejiona. Rudi kwenye risasi nyepesi mpaka uinamaji ukome.

*Kundi la risasi linapanuka kadiri unavyoendelea.* Umechoka. Risasi 20 hadi 30 za magnum kwa siku zinatosha.

*Risasi ya magnum haiingii yote kwenye tundu.* Umepiga nyingi fupi (.38 au .44 Special) na masizi yamejijenga pete ndani ya tundu. Usiisukume kwa nguvu. Sugua kwa brashi ya shaba na kiyeyushi.

*Silinda imekwama katikati ya kupiga.* Elekeza mtutu pasipo na mtu na uangalie mbele ya silinda kutoka ubavuni. Huenda teke limevuta kichwa cha risasi kikachomoza nje ya ganda. Hutokea zaidi kwenye rivolva nyepesi na risasi nzito. Badilisha chapa ya risasi.

*Umevuta, mlio ukawa mdogo kama wa fataki.* Simama hapo hapo, usipige nyingine. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimebaki ndani ya mtutu, na ya pili itaupasua. Toa risasi zote, chungulia mtutu kutoka nyuma kwa tochi, na kama hauoni mwanga, bastola iende kwa fundi.

*Nukta nyekundu imehama bila kuguswa.* Skrubu za kiungo zimelegea kwa mateke. Fungua, safisha mafuta, weka gundi ya skrubu ya kiasi, kaza, kisha uanze upya hatua ya 7 kabla ya kurudi porini.